Maneno ya Kiingereza yanayochanganya, na maana zake za mtaani: mwongozo kamili wa kuyatenganisha

Wengi wanaojifunza Kiingereza wana orodha ndefu ya maneno yanayofanana. Wameikariri na kuifanyia mazoezi, lakini wakiandika wanatia "loose" mahali pa "lose", wakiongea wanasema "borrow me your pen", na wakisoma maoni ya vijana mtandaoni wanadhani kila kitu kilichoitwa "sick" kina hitilafu.

Ubaya wa orodha ni kwamba inachukulia makosa yote kuwa ya aina moja. "Lose" na "loose" huchanganywa na jicho. "Live" na "leave" huchanganywa na sikio. "Borrow" na "lend" huchanganywa na Kiswahili chetu wenyewe, maana kwetu "kuazima" hutumika kwa pande zote mbili. Na "sick" inamchanganya msomaji kwa sababu imehamia mtaani na kupata maana nyingine. Kila kosa lina njia yake ya kulitoa, na hatua zilizo hapa chini zimepangwa kwa kufuata hilo.

## Vitu vya kuandaa kabla hujaanza

Daftari dogo la kazi hii peke yake. Ukichanganya na masomo mengine, utaacha kulifungua.

Kamusi ya wanafunzi ya Kiingereza kwa Kiingereza, yenye sauti. Ya Cambridge ipo bure mtandaoni na huonyesha kama neno ni la Uingereza au la Marekani, la heshima au la mtaani. Kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili iwe ya pili. Sababu ni hii: tafuta "borrow", utaambiwa "azima", tafuta "lend", utaambiwa "azima". Umerudi ulikotoka.

Simu inayoweza kuandika unachokitamka. Itakuwa mwamuzi wa matamshi yako, asiyekuonea haya.

Kurasa chache ulizoandika mwenyewe kwa Kiingereza. Barua pepe, jumbe, insha, chochote, ila kiwe cha zamani kidogo na kisiwe kimesahihishwa.

Urban Dictionary, kamusi ya mtandaoni, kwa ajili ya misimu, yaani maneno ya mtaani. Tovuti hii ipo tangu 1999 na mtu yeyote anaweza kuandika maana humo. Hiyo ndiyo faida yake, na ndiyo hatari yake pia. Usiifungue kabla ya kufika hatua ya 6.

## Hatua ya 1: Kusanya makosa yako, si ya wengine

Soma kurasa zako polepole na upigie mstari kila neno ulilosita kuliandika, hata kama uliliandika sawa. Kusita ni dalili. Kisha andika jozi hizo kwenye daftari, kila jozi na ukurasa wake.

Usianze na zaidi ya jozi kumi. Orodha za "maneno 100 yanayochanganya" zina maneno mengi ambayo hutayahitaji kamwe. Mtu asiyewahi kuandika "stationary" hana haja ya kuteseka kuitofautisha na "stationery".

Usitegemee kikagua tahajia kikukusanyie makosa haya. Kazi yake hasa ni kunasa neno lisilokuwepo. "I loose my keys" ina maneno sahihi tupu, na mara nyingi itapita bila mstari mwekundu.

Utajua umefaulu: una jozi kati ya tano na kumi, na kila moja unaweza kuonyesha uliikosea au uliisitia wapi.

## Hatua ya 2: Tafuta chanzo cha kila kosa

Kwa kila jozi jiulize: je, ningeyasikia maneno haya yakitamkwa taratibu, ningeyatofautisha? Kama ndiyo, na unakosea unapoandika tu, ni kosa la jicho. Kama huyatofautishi hata kwa kusikia, ni la sikio, isipokuwa yale ambayo kamusi yenyewe inayatamka sawa, kama "its" na "it's"; hayo ni ya jicho. Kama kwa Kiswahili yote mawili unayatafsiri kwa neno lilelile, ni la tafsiri. Na kama neno unalijua vizuri lakini sentensi haileti maana, huenda umekutana na msimu.

Andika juu ya ukurasa: jicho, sikio, tafsiri au mtaa. Jozi nyingine zitaangukia sehemu mbili. Zipe alama zote mbili.

## Hatua ya 3: Makosa ya jicho

Hapa dawa ni kupata jaribio dogo unaloweza kulifanya ndani ya sekunde mbili, ukiwa katikati ya sentensi. Kanuni ndefu ya sarufi haitakusaidia mkono ukiwa unaandika.

Jaribio la ritifaa (alama ya '): kila ukitaka kuandika "it's", soma kwa urefu wake, "it is" au "it has". Ikikubali, weka ritifaa. Ikikataa, andika "its". "The dog wagged it is tail" inakataa papo hapo. Jaribio hilohilo linatenganisha "you're" na "your", "they're" na "their". Wanaokosea hapa wana sababu: Kiingereza hutumia ritifaa kuonyesha umiliki pia, kama "the dog's tail", kwa hiyo mtu huona "it's tail" ni sawa tu. Kumbuka kwamba "his" na "her" hazina ritifaa, na "its" ni ndugu yao.

"There" ina "here" ndani yake, kwa hiyo ni ya mahali. "Than" ni ya kulinganisha. "Then" ni ya wakati, na mwenzake ni "when", chenye "e" ileile. "Lose" ni kupoteza au kufungwa mechi; "loose" ni kulegea. Ukizitamka, ya kwanza inaishia na sauti ya "z", ya pili na "s" kali.

"Advice" ni nomino, "advise" ni kitenzi, na hapa pia sauti inasaidia: "s" kwenye nomino, "z" kwenye kitenzi. Ila "advice" ina mtego wa pili. Haihesabiki. Hakuna "an advice" wala "advices". Ushauri mmoja ni "a piece of advice".

"Affect" ni kitenzi, kuathiri. "Effect" ni nomino, athari. Kuna "effect" ya kitenzi, yenye maana ya kuleta jambo litokee, lakini usijisumbue nayo mpaka ya kwanza iwe imetulia.

Utajua umefaulu: unafanya jaribio bila kusimamisha kalamu, na unaweza kumweleza mtu kwa nini umechagua neno hilo.

## Hatua ya 4: Makosa ya sikio

Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza cha kusini mwa Uingereza kina sauti za irabu zipatazo 20, ukihesabu na zile zinazoungana. Sikio lililokulia kwenye tano huzikusanya sauti ngeni na kuzipeleka kwa jirani wa karibu. Ushahidi tunao katika maneno tuliyokopa: "bus" limekuwa basi, "shirt" likawa shati, "glass" likawa glasi. Kwa Mwingereza hizo ni irabu tatu tofauti kabisa; kwetu zote ni "a".

Kwa hiyo usiseme "mimi sina kipaji cha matamshi". Fundisha sikio kwanza, mdomo utafuata. Chukua jozi moja, tuseme "live" na "leave". Fungua kamusi, bonyeza sauti ya neno la kwanza mara kadhaa, kisha la pili. "Leave" inakaribia "i" yetu, ikivutwa kidogo. "Live" haipo kwetu: ulimi unashuka na kulegea, sauti inakaa kati ya "i" na "e". Wengi huambiwa tofauti ni urefu tu, ndiyo maana wanavuta "leave" na bado "live" yao inasikika vibaya.

Sasa mpe mwamuzi kazi. Fungua sehemu ya kuandika kwa sauti kwenye simu, chagua Kiingereza, useme: "I'm living here." Kisha: "I'm leaving here." Ya kwanza maana yake ninaishi hapa, ya pili ninaondoka hapa. Angalia imeandika nini.

Ni lazima utumie sentensi ambayo maneno yote mawili yanaingia. Ukisema "I live with my mother", simu inaweza kukisia kutokana na maneno ya jirani na ikuandikie sahihi hata kama ulitamka ovyo. Utajidanganya.

Jozi nyingine za kupeleka kwa mwamuzi: "ship" na "sheep", "full" na "fool", "hat", "hut" na "heart". Ukifika "desert" na "dessert", tatizo si herufi tu, ni mkazo: jangwa linakazwa mwanzo, kitindamlo kinakazwa mwisho. Kiswahili kwa kawaida hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo hatujazoea mkazo unaobadilisha maana. Jaribu na "record": ikikazwa mwanzo ni rekodi, ikikazwa mwisho ni kurekodi.

Utajua umefaulu: simu inaandika neno ulilokusudia mara nne kati ya tano, katika sentensi isiyotoa msaada.

## Hatua ya 5: Makosa yanayoletwa na Kiswahili

Hapa ndipo wasomi wanapoangukia, na ndipo orodha za mtandaoni zisipogusa, kwa kuwa nyingi zimeandikwa kwa ajili ya watu ambao Kiingereza ndicho lugha yao ya kwanza. Nitakaa hapa kidogo.

Kuazima. Acha kulitumia kama daraja. Pitia kukopa na kukopesha, ambavyo kwetu vimetengana vizuri: "borrow" ni kukopa, "lend" ni kukopesha. Kitu kikija kwangu, nime-"borrow". Kikitoka kwangu, nime-"lend". "Uniazime kalamu" ni "lend me your pen", au "can I borrow your pen?"

Kushinda. Kwetu tumeshinda, na tumewashinda. Kiingereza kinabadilisha kitenzi: mechi, kombe au kesi una-"win"; mpinzani una-"beat". "We won them" kwa Mwingereza inasikika kana kwamba mlicheza bahati nasibu na zawadi ilikuwa timu nzima.

Rahisi. Mtihani rahisi ni "easy"; simu rahisi ni "cheap". Lakini "cheap" nayo ina upande mchafu. Bidhaa ikiitwa "cheap" huenda wanamaanisha ni hafifu, na mtu akiitwa "cheap" ni bahili. Ukitaka kusifu bei ya mtu bila kumuudhi, sema "affordable".

Kukumbuka. "Nimekukumbuka sana" ikitafsiriwa "I remember you so much", aliyeandikiwa ataelewa tu kwamba hujamsahau. Hamu ya kumwona mtu ni "miss": "I miss you". Na usimkumbushe mtu kwa "remember me to pay". Kukumbusha ni "remind".

Kusikia. Sauti una-"hear". Baridi, njaa na maumivu una-"feel". Harufu una-"smell". Sisi vyote tunavisikia.

Kuzoea. "I used to drink tea" maana yake zamani nilikuwa nikinywa chai na sasa nimeacha. "I'm used to drinking tea" ndiyo nimezoea. Neno hilo dogo "am" na ule mwisho wa "-ing" vinabeba mzigo wote. Ukiandika kwenye barua ya kazi "I used to work under pressure" umemwambia mwajiri kwamba zamani uliweza.

Bado. "Bado nakula" ni "I'm still eating". "Bado sijala" ni "I haven't eaten yet". Jambo linaendelea, tumia "still". Jambo halijatokea, tumia "yet" pamoja na kanusho. Ukiulizwa kama umemaliza na jibu ni "bado", sema "not yet". Ukijibu "yet" tupu, hujajibu.

Mkono kuwa "hand" au "arm", mguu kuwa "foot" au "leg", kidole kuwa "finger" au "toe": haya yanahitaji tu kuangalia picha mara moja.

Kwenye daftari, usiandike neno na tafsiri. Andika sentensi mbili za Kiingereza, moja ya kila neno, zilizo karibu kiasi kwamba ukibadilisha neno hilo moja maana inapinduka. Ukurasa wa kuazima uwe hivi:

*I lent him my bike.* Baiskeli ni yangu, anayo yeye.
*I borrowed his bike.* Baiskeli ni yake, ninayo mimi.

Utajua umefaulu: ukisema sentensi ya Kiingereza, neno la Kiswahili halikujii kwanza.

## Hatua ya 6: Kutambua maana ya mtaani

Misimu inatisha mpaka ukumbuke kwamba unaijua tayari, kwa lugha yako. Ukisema kiungo yule ni hatari, au wimbo ule ni noma, hakuna anayekimbia. Neno la ubaya limegeuka sifa, na kila anayesikiliza amelielewa kutokana na sauti yako na jambo mnalozungumzia. "Sick", "wicked" na "dope" ni mchezo huohuo.

Ukikutana na neno unalolijua katika sentensi isiyokaa sawa, lipitishe kwenye maswali haya kwa mpangilio.

*Linaelezea nini?* "He is sick" ni mgonjwa, mara nyingi. "That jump was sick" haiwezi kuwa ugonjwa, maana kuruka hakuumwi. Hapo ni sifa.

*Limebadilisha kazi yake?* "Ghost" ni mzimu, nomino. Ukiona "he ghosted me", nomino imegeuzwa kitenzi, na maana imesogea: alinichunia, akakata mawasiliano bila neno.

*Maneno madogo ya pembeni yanasemaje?* Chukua "bomb". "The film bombed": filamu imebuma. "The film is the bomb": filamu ni bomba. "It went down a bomb", kwa Waingereza: watu wameipenda mno. "It cost a bomb": ilikula pesa nyingi. Neno moja, na kilichobadilisha kila kitu ni "the", "a" na kitenzi kilichotangulia. Ukiwa uwanja wa ndege usilitaje hata kwa utani.

*Nani anamwambia nani?* "Woke" ilitumiwa na Wamarekani weusi kwa maana ya kuwa macho dhidi ya dhuluma za ubaguzi. Leo wapinzani wa msimamo huo wanaitumia kama kejeli. Herufi ni zilezile. Bila kumjua msemaji huwezi kujua kama amesifu au ametukana.

Fanya mazoezi kwa ujumbe huu:

*"That party was sick. Sam got salty when I spilled the tea about his beef with Alex, and now he's ghosting me. No cap."*

Kwa Kiswahili: sherehe ilikuwa noma. Sam alinuna nilipomwaga umbea kuhusu bifu lake na Alex, na sasa ananichunia. Sikudanganyi. Hakuna chumvi, chai, nyama ya ng'ombe wala kofia.

Neno likikushinda, anza na Cambridge au kamusi ya Kimarekani ya Merriam-Webster, ambazo siku hizi zina misimu mingi na huiwekea alama "slang" au "informal". "Rizz", mvuto wa kumnasa mpenzi, ilichaguliwa na Oxford kuwa neno la mwaka 2023. Ukikosa huko, ndipo uende Urban Dictionary, na usiamini maana moja. Soma kadhaa, ile inayojirudia kwa waandishi tofauti ndiyo ya kushika. Nyingi humo ni utani, matusi au ngono, kwa hiyo usiifungue mbele ya darasa.

Utajua umefaulu: unakisia maana kabla ya kufungua kamusi, na kamusi inakubaliana nawe mara nyingi.

## Hatua ya 7: Uliza ni Kiingereza cha wapi

Maneno mengine si ya mtaani wala si makosa. Yamevuka bahari tu yakabadilika. "Pants" kwa Mmarekani ni suruali, kwa Mwingereza ni chupi. "Rubber" Uingereza ni kifutio, Marekani ni kondomu. "Pissed" Uingereza ni amelewa, Marekani ni amekasirika, na kote ni neno lisilo la adabu. "First floor" Marekani ni pale unapoingilia kutoka barabarani. Uingereza ni juu yake.

La kuangalia zaidi ni "table" kama kitenzi. Mwingereza aki-"table" hoja, ameileta ijadiliwe. Mmarekani aki-"table" hoja, ameiweka kando. Kwenye kikao chenye watu wa pande zote mbili, tumia "present" au "postpone".

Chagua upande mmoja kwa uandishi wako na ushikamane nao. Huo mwingine utosheke kuuelewa.

## Hatua ya 8: Amua utakayoyatumia wewe

Elewa misimu yote unayoweza, itumie michache. Misimu huzeeka haraka, na mgeni huwa wa mwisho kujua kwamba neno limechuja. Msimu usiousikia kwa watu unaoongea nao, usiuseme wewe.

Yapo pia yasiyofaa kujaribiwa kwa kubahatisha. "Hook me up with a ticket" ni nifanyie mpango wa tiketi. "We hooked up" ni tulifanya mapenzi, au karibu na hapo. "I can't make it out" ni siwezi kukisoma au kukitambua. "They made out" ni walibusiana kwa muda mrefu. Kwenye barua ya kazi weka "introduce", "meet" na "understand", uwe salama.

Baada ya mwezi, andika ukurasa mpya bila kufungua daftari, kisha uusahihishe ukiwa nalo. Jozi iliyokushinda tena, rudi hatua ya 2 uangalie kama uliipa chanzo sahihi. Mara nyingi ile inayogoma iliwekwa kwenye jicho kumbe ni ya sikio. Jozi uliyoiandika na kuitamka sawa bila kusita, ikate kwa mstari na uanze ukurasa wa nyingine.